Watu Waliopanda Ili Gari Litulie

Mwanangu Somoe,

Salamu nimekupa asubuhi, nyingine nitakupa kesho stesheni, kwa hiyo hapa naziruka. Nimekaa barazani, jua la alasiri linanichoma mgongoni, na baba yako yuko uvunguni mwa gari tangu tulipomaliza kula. Namwona miguu tu. Anagonga kitu, ananyamaza, anagonga tena. Hakuna kilichoharibika. Katafuta kazi ya kumweka mbali na macho ya watu, na mimi nimetafuta ya kwangu, ndiyo hii barua.

Habari za kufua, kuswali, kula kwa adabu na kutoazima khanga za wenzako, shangazi yako ameshakueleza, nawe umemwitikia "ndiyo shangazi" mpaka mwenyewe akachoka. Sitarudia. Mimi nataka kukueleza habari za springi za nyuma za gari la baba yako. Usicheke. Ulilala juu ya springi hizo ukiwa mtoto, na hujui hata robo ya mambo yaliyokuwa yakitendeka chini ya godoro lako.

Unanijua nilivyo. Nikiona kitu, nataka nijue ndani yake kuna nini. Nilipokuwa mdogo niliipasua ngoma ya mjomba wako Mfaume nione sauti inakaa wapi. Sikuiona, na nilipigwa. Hata herufi hizi ninazoandika nilizipata kwa udadisi huo huo. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilifundishwa za Kiarabu tu. Hizi za shuleni nilijifunza kitandani pako, mguu wako ukiwa umefungwa, wewe ukifuatisha kitabu kwa kidole na mimi nikikichungulia kidole chako. Kwa hiyo ukikuta makosa, mwalimu ni wewe.

Gari tulilipata wakati Wazungu wa mashamba ya karanga walipoanza kufungasha virago kule Nachingwea. Baba yako alikuwa dereva wao, na magari yaliyochoka yalipouzwa naye akajipatia pikapu moja ambayo mlango wake wa kushoto ulifungwa kwa kamba. Alikuja nayo hapa Lionja akipiga honi tangu mbali. Wewe umezoea kumwona baba yako hapa kama mwenyeji, lakini kumbuka yeye ni mtu wa Ruangwa, aliyekuja kukaa kwetu kwa sababu alinioa mimi, kama wanaume wengi wa huku wanavyofanya. Mwanamume aliye ukweni anatazamwa. Akilala mchana anaonekana, asipolima anaonekana, na watoto anaowazaa mwenye neno juu yao ni mjomba wao. Gari lilikuwa kitu chake peke yake. Alilipenda, na mimi nilipenda jinsi alivyolipenda.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuongeza springi za nyuma. Kama hujawahi kuinama ukazitazama, inama kesho: ni vyuma virefu vyembamba, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kwanza, kisha kifupi kidogo, kisha kifupi zaidi, vimepinda vyote pamoja na kufungwa katikati. Gari likibanwa na mzigo, vyuma vinanyooka. Likiachiwa, vinapinda tena. Baba yako alikwenda Ruangwa, akarudi na vyuma vya lori lililokufa, akavikata, akaviongeza kwenye vile vya pikapu. Akapakia magunia ya ufuta mpaka juu, akawaita wakwe zake.

"Tazameni," akasema. "Mzigo wote huu, na halijainama hata kidogo!"

Kweli halikuinama. Watu wakasifu. Mimi nikangoja magunia yashushwe, nikaona nyuma ya gari imebaki juu, kama kuku anayekimbizwa. Alipolipeleka tupu mpaka mwisho wa kijiji na kurudi, lilikuwa linarukaruka nyuma hata mahali nilipojua hakuna shimo.

"Baba Somoe," nikamuuliza, "likiwa tupu mbona linaruka hivi?"

"Hili gari la mizigo," akanijibu. "Kulipanda tupu ni kosa la anayelipanda."

Swali halikuniacha.

Halafu ukaanguka. Ilikuwa msimu wa mabibo, umeanza shule mwaka ule ule, nawe ulipanda mkorosho kufuata bibo moja lililokuwa nchani kabisa mwa tawi. Nilisikia tawi kabla sijakusikia wewe. Nilipofika, mguu wako wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu hauna kiungo. Nakuandikia haya nikiwa nimekuona leo asubuhi ukivuka uwanja na ndoo kichwani, unatembea sawasawa, na bado nilikuhesabia hatua.

Mjomba Mfaume alitaka ufungwe hapa hapa kwa vijiti na dawa, kama tulivyofungwa sote. Baba yako alitaka hospitali. Walibishana juu ya kichwa chako mpaka nikawaambia kwamba mnayemgombania analia. Mwisho mjomba alisema, "Haya, mpelekeni. Lakini hilo gari litamwumiza kuliko mkorosho."

Naye alisema kweli. Tulitandika godoro nyuma, nikakushika, tukaondoka. Gari lilikuwa tupu, mimi na wewe tu. Kila penye mzizi au korongo, nyuma ya gari ilirushwa juu, tukabaki hewani, kisha ubao ukatupokea. Baba yako alipunguza mwendo, haikusaidia. Akaongeza, ikawa balaa. Ulilia mpaka Nambambo. Baada ya Nambambo ukaacha kulia, na hapo ndipo nilipoanza kulia mimi.

Hospitali ya Nachingwea walikupokea vizuri. Daktari aliunyoosha mguu, akaufunga kwa plasta, kisha akatuita pembeni. Akasema mfupa ulikuwa umesogea njiani. Tukuache pale siku chache, halafu twende nyumbani, na kila anapotuita tukurudishe autazame. "Mfupa wa mtoto unaunga upesi," alisema, "lakini ukitikiswa tena hivi kabla haujakomaa, utaunga vibaya, na mguu huu utakuwa mfupi kuliko mwenzake. Mleteni polepole." Baba yako akaitikia. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba polepole tulishaijaribu.

Sasa sikiliza jambo lililonishangaza. Siku ya kurudi, baba yako alikuwa amepata shehena ya chumvi ya duka moja la huku. Magunia yakajaa, tukakulaza juu yake. Barabara ile ile, makorongo yale yale, gari lile lile, na wewe ulilala usingizi. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi nikasahau kukinywa, nikaja kukiona tupo karibu na nyumbani, chai bado imo.

Nilimwonyesha baba yako kikombe. Akasema, "Ni mzigo huo. Umelituliza."

"Kwa nini mzigo umelituliza? Mtu akibebeshwa mzigo hatulii, anatetereka."

"Mama Somoe, ndivyo ilivyo."

Kwangu mimi, "ndivyo ilivyo" ni mlango uliofungwa na mtu aliye ndani. Nikaenda kukata mwanzi. Nikaupasua vipande vyembamba, virefu na vifupi, nikavipanga kama springi na kuvifunga katikati kwa kamba ya ukindu. Nikawa navibonyeza nikiwa nimekaa karibu na kitanda chako, nawe ukidhani ninakutengenezea mchezo. Nikibonyeza kwa kidole, havipindi, kidole kinarudishwa. Nikiegemeza mkono mzima, vinakubali, vinakwenda chini na kurudi taratibu. Na nikaona jambo jingine: vinapopinda, ncha zake zinateleza, kipande juu ya kipande. Nikavibana ncha zisiteleze, vikawa vigumu kama fimbo moja.

Nilipomwonyesha baba yako, hakucheka. Alivishika muda mrefu. Nikamwambia la kufanya ni rahisi, atoe vile vyuma alivyoongeza. Uso wake ukabadilika. Alikuwa ameahidi wenye maduka wa Ruangwa kwamba ufuta wa msimu ule atausomba yeye, na bila vyuma vile gari lingekalia magurudumu. Na pia, sikukisema lakini nilikijua, vyuma vile ndivyo wakwe walivyovisifu.

"Labda havitelezi," akasema. "Vimeshika kutu. Tuvifungue, tuvisafishe, tuvipake mafuta."

Basi tukafungua springi pale uwanjani. Jeki ilikuwa ya kuazima na mwenyewe aliitaka, kwa hiyo baba yako alipindua kinu changu, akakiweka chini ya gari, gari likakalia kinu. Wiki ile sikuwa na pa kutwangia. Nilibeba mahindi yangu mpaka kwa jirani yetu Mwanaidi, ambaye tulikuwa hatusemezani kwa jambo la kuku nisiloweza hata leo kulieleza vizuri. Hakunikataza. Nilitwanga nikiwa nimempa mgongo. Akaniuliza, "Mguu wa mtoto unaendeleaje?" Nikasema, "Salama," nikaendelea kutwanga. Nilikuwa mtu wa namna hiyo, mwanangu. Nilidhani mtu kamili ni yule asiyemhitaji mwenzake, na ukinisaidia nilikuchukia kidogo.

Grisi hatukuwa nayo. Karakana ya karanga imefungwa, na dukani haikuwapo. Mimi ndiye niliyesema tupake mafuta ya maganda ya korosho. Unayajua, yale yanayotoka ukichoma korosho, yanayobabua vidole. Nguzo za nyumba hii zimepakwa hayo na mchwa hawajazisogelea. Nikajiambia, yanayolinda mti yatalinda chuma. Na ni mafuta, yanateleza, nani asiyejua? Baba yako akayapaka kila chuma pande zote mbili kwa tambara, kwa uangalifu kama anayempaka mtoto. Ngozi ya viganja vyake ikababuka, na akala ugali kwa kijiko mbele ya wakwe zake siku kadhaa. Mjomba Mfaume alikuja makusudi kutazama.

Siku mbili tatu za kwanza gari lilitulia kabisa. Nilitembea kijijini nikiwa nimevimba kichwa. Sikujua kwamba mafuta yale yakikaa katikati ya vyuma, pamoja na vumbi na joto, yanakauka. Yanakuwa gundi. Kila chuma kilishikana na mwenzake, na springi nzima ikawa gogo. Jambo lile lile nililoliona kwenye mwanzi wangu nilipozibana ncha, nikalifanya kwa mkono wangu mwenyewe kwenye gari lililokuwa likubebe. Nimelirudia kosa hilo kichwani mara nyingi, na kinachonivuta si aibu. Najiuliza jinsi jibu lilivyokuwa limelala mapajani mwangu, kipande cha mwanzi, nami nikaliruka kwa sababu nilikuwa nina uhakika.

Tukaligundua siku ya kukurudisha kwa daktari. Hatujamaliza hata mashamba ya Lionja, gari likaanza kuruka, vibaya kuliko mara ya kwanza. Ulinishika shingo, ukaniambia, "Mama, unapasuka," ukimaanisha mguu. Nikaupigapiga ubao kwa ngumi mpaka baba yako akasimama.

Akashuka, akachungulia chini, akarudi nilipokuwa. "Vimegandamana," akasema. "Kuvifungua ni kazi ya kutwa, na zana ziko nyumbani. Tukirudi, tumekosa siku ya daktari. Tukienda, utaona mwenyewe."

Nilikuwa nikitazama kulia na kushoto kutafuta mzigo. Msimu wa ufuta haujafika, hakuna gunia. Mawe yalikuwapo, tukapakia machache, na gari lilipojongea tu yakaanza kubingirika kuelekea mguu wako. Tukayatupa. Na shambani upande wa kushoto walikuwapo watu wakipalilia, wameinua vichwa, majembe begani, wanatutazama. Wa mbele alikuwa Mwanaidi.

"Mama Somoe, gari limekufa?"

"Halijafa," nikasema. "Ni jepesi."

"Jepesi ndiyo ugonjwa gani huo?"

Nikamweleza, nikiwa nimekushika, maneno yakitoka vipande vipande: likiwa tupu linaruka, likiruka mfupa unasogea, mfupa ukisogea mguu utakuwa mfupi. Kisha nikakwama. Nilichohitaji kusema nilikijua, lakini mdomo wangu ulikuwa haujawahi kukisema kwa mtu yeyote, sembuse Mwanaidi. Nikakuangalia uso wako, nikakisema.

"Mwenzangu, nakuomba uzito wako."

Mwanaidi alinitazama sana. Wewe unajua alivyo mnene, na wakati ule alikuwa zaidi. Nikafikiri kanielewa vibaya, kwamba namtukana barabarani mbele ya watu. Akatupa jembe ndani ya gari.

"Kumbe leo unene wangu umepata kazi," akasema, na akapanda, na nyuma ya gari ikashuka kidogo. Niliisikia ikishuka, hata sasa naisikia. Akageuka akaita shambani, "Njooni! Mnatakiwa kukaa tu!"

Wakaja. Wanawake wenye watoto migongoni, wazee wawili, vijana waliodhani ni mzaha. Kila mmoja alipopanda, gari lilishuka kidogo. Wa mwisho alikuwa mjomba Mfaume, aliyekuwa shamba la pili. Alikuja na jembe lake akauliza, "Nyinyi nyote mnakwenda wapi?"

"Hatwendi popote, Mzee Mfaume," Mwanaidi akamjibu. "Tunakaa."

Alilizunguka gari, akachungulia springi, ingawa najua hakujua anachochungulia. Halafu akapanda, akawasogeza watu, akakaa kwenye mbao na kuuweka mguu wako mapajani mwake pamoja na plasta yake. Hakuuachia mpaka Nachingwea.

Lilitulia, Somoe. Halikutulia kama lile la chumvi, kwa sababu springi zilikuwa gogo, lakini lilitulia. Na watu walifanya jambo ambalo gunia haliwezi: penye korongo waliliona, wakajiinua kidogo kwa miguu, wakapokea kishindo wao, kisha wakakaa tena. Hakuna aliyewafundisha. Mwanaidi alikuwa akisema "hilo linakuja," na wote wanajikaza. Njia nzima nilikuwa nikiwatazama, na badala ya kuomba dua nilikuwa nikijiuliza: wamejuaje?

Ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, hawa wote wanaumwa?"

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Wanakwenda sokoni."

Ndivyo ulivyojua mpaka leo. Nimekusikia ukiwasimulia wadogo zako jinsi gari la baba lilivyokuwa likijaa watu wa sokoni mpaka unakosa pa kunyoosha mkono. Hakuna aliyekuwa akienda sokoni. Siku ile daktari alikulaza, gari likabaki likingoja mzigo wa kurudia, na watu wale walishuka, wakachukua majembe yao, wakarudi Lionja kwa miguu. Walifika giza limeshaingia, na palizi yao imelala. Mwanaidi aliniambia baadaye kwamba njia nzima walikuwa wakicheka, kwa sababu mmoja wa wale wazee aliuliza hivi wao wamekwenda Nachingwea kufanya nini.

Daktari aliutazama mguu akasema mfupa haujasogea. Baba yako akatoka nje. Nilipomfuata alikuwa amekaa kwenye gurudumu, mikono yake yenye mabaka ya korosho imemfunika uso.

Safari zilizofuata hatukumwita mtu. Alfajiri tulipotoka na godoro, walikuwa wameshakaa ndani ya gari. Mara moja baba yako, kwa kuona haya, alijaza magunia ya mchanga ili asiwasumbue tena. Magunia yangefaa, sikatai. Lakini Mwanaidi alifika akayaona, akasema, "Baba Somoe, huo mchanga utamshika mtoto mkono?" Akayamwaga yeye mwenyewe. Kilima kile kidogo mlichokuwa mkichezea nyuma ya jiko ndicho mchanga wenyewe.

Springi zilitengenezwaje mpaka zikawa hivi zilivyo, hilo ndilo jambo ninalolipenda zaidi, kwa hiyo nivumilie. Plasta ilipotolewa na ukaanza kukanyaga, baba yako alifungua tena vile vyuma. Alivikwangua gundi kwa mchanga na mafuta ya taa, akavipanga uwanjani kwa urefu, akakaa mbele yake kama mtu aliyewekewa chakula asichokitaka. Alijua kwamba akiviacha vyote gari litatesa watu, akivipunguza ufuta utamshinda. Mimi nilikuwa na mwanzi wangu. Nilikuwa nimeuongezea kipande kimoja kifupi kinene, nikakiweka juu ya vile vingine bila kukigusisha, kimeachwa na upenyo. Ukibonyeza kidogo, vinapinda vile vyembamba tu, laini. Ukibonyeza sana, vinapanda vinakutana na kile kinene, nacho kinasaidia. Sikuwa nimefikiria gari. Nilikuwa nachezea tu nione itakuwaje.

Baba yako akauchukua mkononi mwangu. Akabonyeza kidogo, akabonyeza sana. "Malori makubwa ya karanga yalikuwa na kitu kama hiki," akasema polepole. "Nililiendesha moja mwaka mzima na sikuwahi kuuliza ni cha nini."

Kinu changu kikarudi chini ya gari, na wakati huu nilikwenda kutwanga kwa Mwanaidi bila kupeana mgongo. Vile vyuma vya Ruangwa akavitoa kwenye kundi, akavifunga peke yake juu, na upenyo chini yake. Gari likiwa tupu havigusi kitu, vimetulia. Ufuta ukipakiwa, gari linashuka mpaka linavikuta, navyo vinabeba. Grisi alikwenda kuifuata mbali akaipata. Tulipomaliza nikajaza maji kwenye bakuli, nikaliweka nyuma, akaendesha mpaka mwisho wa kijiji, gari tupu kabisa. Yalimwagika kidogo ukingoni. Nikarukaruka uwanjani, mtu mzima mimi, mbele ya wakwe wa mume wangu.

Watu walipokuja kutazama, baba yako hakuwaonyesha jinsi gari lisivyoinama. Aliwaambia wapande mmoja mmoja watazame linavyoshuka.

Nimeandika mengi, na jua limeshateremka hata mgongo umepoa. Nilitaka kufika hapa: unakwenda Mtwara kujifunza uuguzi. Wataletwa kwako watu waliovunjika. Kabla hujamuuliza mtu anaumwa wapi, muulize amefikaje. Amebebwa na nani, juu ya nini, njia gani. Nadhani utajua mambo ambayo kidonda hakisemi. Sina hakika. Jaribu, kisha uniandikie umeona nini, maana mimi nataka kujua.

Na kuhusu wewe mwenyewe. Una ugumu wangu. Nimekuona ukibeba ndoo mbili ili usimwombe mdogo wako abebe moja. Sikulaumu, umeutoa kwangu. Lakini huko uendako hakuna atakayekufahamu, na siku moja utarushwarushwa usiku kucha ukidhani barabara ndiyo mbaya. Siku hiyo tafuta mtu wa kukaa karibu nawe. Si lazima afanye lolote. Maneno ni magumu mara ya kwanza tu, na ukipata wa kukujibu kama Mwanaidi alivyonijibu, ya pili utayasema unacheka.

Leo mchana nilizunguka kuwaaga watu kwa niaba yako. Nikawaambia wasijisumbue kutusindikiza, springi sasa ni nzuri, gari halihitaji tena uzito wa mtu. Mwanaidi alikuwa akichambua choroko, hakuinua hata kichwa. Mjomba Mfaume ndiye aliyenijibu.

"Dada," akasema, "tangu lini sisi tulipanda kwa ajili ya springi?"

Basi jiandae. Kesho alfajiri utawakuta wamekaa, na wataenda na wewe mpaka gari moshi lilipo. Wadogo zako wakikuuliza wanakwenda wapi, waambie ukweli.

Nami nitakaa nyuma, mahali lilipokuwa godoro lako. Ukishuka pale stesheni na sanduku lako, utaniona nimeinama chini ya gari. Usiulize. Nataka kutazama springi zimeinuka kiasi gani baada ya wewe kushuka, maana hilo sijawahi kulipima. Na nikichelewa kuinuka, panda tu gari moshi, mwanangu, ujue mama yako bado anatazama.

Mama yako,
Lionja